Usisimuaji wa ubongo na mazoezi ya kusoma hisia usoni: kipi hasa kinachofundisha?

Mtoa mada

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote.

Limeulizwa hapa zaidi ya mara moja swali la iwapo mtu asiyetambua vizuri hasira, hofu au huzuni katika nyuso za wenzake anaweza kusaidiwa kwa kupitishiwa umeme hafifu kichwani. Kila mara majibu hugawanyika kati ya wanaoamini kila tangazo na wanaokataa bila kusoma. Nimeona nieleze kwa kirefu, kwa sababu wanaouliza wana uhitaji wa kweli: wapo waliopata kiharusi, walioumia ubongo ajalini, wenye skizofrenia, wenye ugonjwa wa Parkinson, na wengine ambao ndugu zao huwaita watu wasiojali, ilhali ishara ya usoni haikuwafikia kabisa. Uchambuzi wa mwaka 2011 uliokusanya tafiti nyingi ulikadiria kwamba hadi asilimia 39 ya watu waliopata jeraha la ubongo la wastani au kubwa wana upungufu mkubwa katika uwezo huu. Ndoa na kazi nyingi huvunjika kwa jambo ambalo hata daktari hakulipima.

Msimamo wangu nautanguliza ili asiwepo wa kunielewa vibaya. Mazoezi ndiyo yanayofundisha. Umeme, pale unaposaidia, huyasaidia mazoezi, na ukitolewa peke yake ni sawa na kulainisha udongo bila kupanda mbegu.

Kwanza tuutazame ubongo wenyewe, maana hakuna sehemu moja inayosoma hisia. Uso unapoonekana, taarifa zake hushughulikiwa kwanza na maeneo ya kuona yaliyo nyuma ya kichwa, kisha kazi hugawanywa. Katika maelezo yaliyotolewa na James Haxby na wenzake mwaka 2000, eneo lililo upande wa chini wa ubongo hushughulika zaidi na utambulisho, yaani huyu ni nani, ilhali mfereji ulio ubavuni, juu kidogo ya usawa wa sikio, hushughulika na vile vinavyobadilika: midomo, nyusi na mwelekeo wa macho. Ndiyo maana mtu anaweza kumtambua mama yake mara moja lakini asijue kwamba amemkunjia ndita, na mwingine akaiona hasira waziwazi pasipo kujua ni uso wa nani. Juu ya hayo huongezeka amigdala, yaani kijisehemu kilicho ndani kabisa ya ubongo, pamoja na sehemu ya mbele ya ubongo iliyo juu ya macho, na hata eneo linalopokea mguso wa ngozi ya uso wetu wenyewe.

Hilo la mwisho liliwashangaza wengi. Mwaka 2008 David Pitcher na wenzake walitumia mapigo ya sumaku kuvuruga kwa muda mfupi sana sehemu mbalimbali za ubongo huku washiriki wakilinganisha nyuso. Walipolivuruga eneo la nyuma la kulia linaloshughulikia nyuso kati ya milisekunde 60 na 100 baada ya uso kuonekana, uwezo wa kutofautisha hisia ulishuka. Walipolivuruga eneo la mguso wa uso, ulishuka kati ya milisekunde 100 na 170. Kwa maneno mengine, ubongo huutazama uso wa mwingine kisha, haraka sana, hupata msaada kutoka eneo ambalo huuhisi uso wake wenyewe.

Kisa ambacho kwangu ndicho msingi wa mjadala huu wote ni cha mwanamke anayefahamika katika maandiko ya kitabibu kwa herufi S.M. Ugonjwa adimu uitwao Urbach-Wiethe uliharibu amigdala zake za pande zote mbili. Mwaka 1994 Ralph Adolphs na wenzake walieleza kwamba alishindwa kuitambua hofu usoni, ingawa nyuso za watu alizitambua vizuri. Kwa zaidi ya miaka 10 ilionekana kwamba jambo limekwisha: sehemu ya hofu imekufa, basi hofu haisomeki. Lakini mwaka 2005 watafiti hao walifuatilia mahali anapoelekeza macho yake, wakagundua kwamba hayatazami macho ya watu, na hofu huonekana zaidi machoni. Walipomwambia atazame macho, uwezo wake wa kutambua hofu ulifikia kiwango cha kawaida. Kisha agizo lilipoondolewa, alirudi katika mtazamo wake wa zamani.

Naomba tukisome kisa hicho taratibu. Amigdala haikurudi, na hakuna umeme uliopitishwa. Kilichobadilika ni mahali pa kutazama, na kilichokosekana ni mazoea ya kuendelea kupatazama. Zoezi jema la hisia za usoni linatafuta jambo hilohilo, yaani kuligeuza agizo liwe desturi ya macho.

Sasa vifaa. Usisimuaji kwa sumaku ulianzishwa na Anthony Barker na wenzake mjini Sheffield mwaka 1985. Mapigo yake yana nguvu ya kuzifanya seli za neva zifyatuke, yaani zitume ishara, na kwa sababu hiyo hufanywa na wataalamu wanaochunguza kwanza kama mtu ana historia ya kifafa au chuma ndani ya kichwa. Umeme hafifu wa mkondo mmoja ni kitu kingine. Kwa kawaida hutumika miliampia 1 hadi 2 kwa muda wa dakika 20 hivi, kupitia elektrodi, yaani vipande vya kupitishia umeme vinavyowekwa kichwani, zilizolowanishwa kwa maji ya chumvi, na hauzifyatui seli, bali huziweka karibu zaidi au mbali zaidi na kufyatuka. Mwaka 2000 Michael Nitsche na Walter Paulus wa Göttingen, Ujerumani, walionyesha kwamba mwelekeo wa mkondo huamua kama eneo la mwendo, yaani sehemu ya ubongo inayoendesha misuli, litakuwa jepesi au zito kuamka, na mwaka uliofuata walionyesha kwamba dakika 13 zingeweza kuacha athari ya hadi saa moja na nusu. Ipo pia mikondo inayopishana kwa kasi maalumu, na mikondo isiyo na mpangilio.

Kuhusu hisia za usoni hasa, yapo matokeo yanayotia moyo. Mwaka 2015 umeme wa mkondo mmoja uliolenga sehemu ya mbele ya kulia, juu ya macho, uliboresha utambuzi wa hisia. Mwaka huohuo mkondo unaopishana mara 40 kwa sekunde, uliowekwa nyuma ya kichwa, uliboresha utambuzi wa hasira. Mwaka 2017 mkondo usio na mpangilio uliolenga sehemu ya mbele ya chini ulitoa matokeo ya namna hiyo. Hata hivyo, washiriki wa tafiti hizo walikuwa watu wenye afya, waliopimwa ndani ya maabara, muda mfupi baada ya umeme. Kutoka hapo hadi kwa mgonjwa anayeishi na familia yake ni safari ndefu, na wauzaji wa vifaa huiruka yote kwa sentensi moja.

Mlezi_Nyumbani

Mtoa mada, ahsante kwa maelezo. Mume wangu aliumia kichwa katika ajali ya barabarani. Anatembea, anazungumza, anafanya hesabu zake bila shida, lakini haoni nilipochoka, haoni nilipokasirika, na mtoto akilia kimyakimya anampita kana kwamba hakuna kitu. Nimeona kwenye intaneti kifaa kinachovaliwa kichwani, na maelezo yake yanadai kwamba huamsha "kituo cha hisia". Tumekwisha kuweka fedha pembeni kwa ajili yake. Je, tukinunue? Na kama si hicho, ni kitu gani kingine tufanye, maana kukaa tu na kungoja kunanimaliza.

Mtoa mada

Dada, pole sana, na nakujibu kwa uzito unaostahili. Msikinunue, na msimwekee mumeo kichwani kifaa chochote cha namna hiyo bila daktari wa mishipa ya fahamu kumchunguza.

Jeraha la kichwa huongeza uwezekano wa kifafa, na hilo pekee linatosha kumfanya mtaalamu atafakari mara mbili. Tena, kama fuvu lilipasuka, lilifunguliwa kwa upasuaji au liliwekewa bamba, umeme hautapita katika njia ambayo mtengenezaji aliikusudia, kwa sababu unafuata penye upinzani mdogo. Hata katika kichwa kizima sehemu kubwa hupotea njiani: vipimo vilivyochapishwa mwaka 2018, vikiwemo vya miili ya marehemu, vilionyesha kwamba takriban asilimia 75 ya mkondo haifiki ndani, kwa kuwa ngozi, nyama na mfupa huudhoofisha.

Usidhani kwamba dawa ya hilo ni kuongeza nguvu. Mwaka 2013 ilionyeshwa kwamba mkondo ambao kwa miliampia 1 hutuliza eneo la mwendo, ukifikishwa miliampia 2 kwa dakika 20 unaweza kuliamsha badala ya kulituliza. Mwaka huohuo watafiti wawili wa Uingereza waliofundisha watu mfumo mgeni wa tarakimu waligundua kwamba kusisimua eneo moja kuliharakisha kujifunza lakini kulidhoofisha wepesi wa kutumia kile kilichojifunzwa, na eneo jingine lilitoa kinyume chake. Ubongo unaweza kukutoza upande mmoja kwa kile unachokupa upande mwingine, na mtu aliye nyumbani hana kipimo cha kumjulisha ametozwa nini. Ndiyo maana mwaka 2016 watafiti kadhaa wa fani hii, watu wanaoutumia umeme huo kila siku, waliandika barua ya wazi katika jarida la Annals of Neurology kuwatahadharisha wanaojisisimua wenyewe majumbani.

Sasa nikuambie la kufanya, kwa sababu lipo. Mazoezi ya kutambua hisia kwa watu walioumia ubongo yamejaribiwa kwa utaratibu mzuri. Katika jaribio la Dawn Neumann na wenzake lililochapishwa mwaka 2015, washiriki walifundishwa kuelekeza macho kwenye sehemu za uso zenye habari, kuiga kwa uso wao wenyewe hisia wanayoiona, na kuihusisha na wakati ambapo wao walihisi hivyo. Utambuzi wao uliboreka, na nafuu hiyo ilikuwa ingalipo miezi 6 baadaye. Kwa wenye skizofrenia, timu ya Wolfgang Wölwer ya Ujerumani iliunda mafunzo ya vikao 12 ambamo wagonjwa wawili hufanya kazi pamoja na mtaalamu mmoja, wakianza na kuzitaja alama kwa maneno: nyusi zimeinuka, pembe za mdomo zimeshuka, kope zimebana. Naupenda sana utaratibu huo wa kutaja alama kwanza, kwa sababu humpa mtu njia ya kupita pale ambapo hisia haimjii yenyewe.

Kabla ya yote, mumeo apimwe kuona, na apimwe pia kama anapuuza upande mmoja wa kile anachokitazama, jambo linaloweza kutokea baada ya jeraha la ubongo na ambalo humfanya mtu auone uso nusu. Aulizwe pia kama anazitambua hisia zake mwenyewe, maana asiyejua kwamba amekasirika atapata shida kuijua hasira ya mwenzake. Mtaalamu wa saikolojia ya ubongo au wa utengamao anaweza kuvipima hivyo vyote.

Nyumbani, dada, usimfanyie mtihani. Usinyamaze ukingoja aone, kisha uhesabu kwamba ameshindwa. Mwambie kwa maneno, "Nimechoka, tazama macho yangu yalivyo," kisha umwache atazame. Sentensi hiyo humpa jina la hisia, sehemu ya kutazama na mfano halisi kwa wakati mmoja, tena kwa uso ambao ndio anaohitaji kuusoma kuliko uso mwingine wowote duniani.

Kimya_Kingi

Naomba kuchangia nikiwa mtu mwenye usonji. Nimesoma uzi huu kwa makini na sina ugomvi na mtoa mada kuhusu walioumia ubongo, kwa kuwa wao walikuwa na uwezo fulani wakaupoteza. Wasiwasi wangu ni pale watu kama mimi tunapowekwa katika orodha hiyohiyo. Mwaka 2012 Damian Milton, ambaye naye ana usonji, aliandika kwamba kutoelewana kati yetu na watu wasio na usonji kuna pande mbili: sisi hatuwasomi wao vizuri, na wao hawatusomi sisi vizuri. Mbona basi hakuna anayependekeza wao ndio wawekewe elektrodi? Na nyuso zinazotumika katika vipimo hivyo nyingi ni picha za watu walioambiwa waigize hasira. Katika maisha yangu sijawahi kukutana na mtu aliyekasirika kwa namna ile.

Mtoa mada

Ndugu yangu, hoja yako ni nzito na naikubali, tena inagusa kasoro iliyo katikati ya fani yenyewe.

Kuhusu usonji, mwaka 2013 Richard Cook, Geoffrey Bird na wenzao waliwapima watu wenye usonji na wasio nao, wakatenganisha usonji na ile hali ya mtu kushindwa kuzitambua na kuzitaja hisia zake mwenyewe. Hali hiyo ndiyo iliyobashiri ugumu wa kusoma nyuso. Usonji wenyewe haukubashiri. Kwa hiyo anayesema "ana usonji, basi apewe mafunzo ya nyuso" ameruka hatua ya kumpima mtu huyo mmoja aliye mbele yake na kumuuliza anataka nini. Mafunzo yanayotafutwa na mhusika mwenyewe, kwa lengo lake mwenyewe, nayaunga mkono. Kumvika mtoto elektrodi ili awapendeze watu wazima siungi mkono hata kidogo, hasa kwa vile ubongo wake bado unakua.

Kuhusu picha, kasoro ni ya kihistoria. Mkusanyiko uliotumika kwa miongo mingi, uliotolewa na Paul Ekman na Wallace Friesen mwaka 1976, una hisia sita zilizoigizwa kwa ukamilifu: furaha, huzuni, hasira, hofu, kinyaa na mshangao. Mwaka 2019 Lisa Feldman Barrett na wenzake walipitia ushahidi uliopo, wakahitimisha kwamba watu wenye hasira mara nyingi hawakunji uso, na wanaokunja uso mara nyingi hawana hasira. Huenda wanafikiri tu, au jua linawaumiza macho. Na uchambuzi wa Hillary Elfenbein na Nalini Ambady wa mwaka 2002 ulionyesha kwamba watu husoma vizuri zaidi nyuso za jamii yao kuliko za wageni. Mafunzo yanayotegemea nyuso za aina moja, zisizosogea, zilizotazama mbele, humfundisha mtu kushinda mtihani wa picha. Mafunzo yanayofaa hutumia nyuso za watu wengi, zinazosogea, zenye hisia hafifu na zilizochanganyika, huku sauti na mazingira vikiwepo.

Kuna jambo jingine ambalo nalitilia mkazo kwa sababu hupotosha hata wasomaji wazoefu. Mtu anayesema "hofu" kwa kila uso atazipata nyuso zote za hofu, na asiyetazama makosa yake atasema utambuzi wake wa hofu umeongezeka. Kuboreka na kuelemea upande mmoja ni mambo mawili tofauti. Mwaka 2013 timu ya Ian Penton-Voak na Marcus Munafò ilitumia nyuso zilizochanganywa hatua kwa hatua kutoka furaha hadi hasira, na kwa majibu ya kompyuta ikawaelekeza vijana walio katika hatari ya uhalifu kuziona zile za katikati kuwa za furaha. Hasira na ukorofi wao ulipungua. Usahihi haukuwa shabaha pale. Watafiti waliusogeza kwa makusudi mpaka ambao mtu huuweka kati ya rafiki na adui. Kama mazoezi ya kompyuta peke yake yanaweza kuusogeza mpaka huo, basi umeme unaoongezwa juu yake unaweza kuuimarisha msogeo, uwe mwema au mbaya. Anayekwambia kwamba kifaa "kimeongeza utambuzi wa hasira" muulize kama sasa mtu huyo anaiona hasira hata pale isipokuwepo.

Mwanafunzi_wa_Saikolojia

Mtoa mada, ninaandaa pendekezo la utafiti wa kuunganisha mazoezi na umeme hafifu. Nitajuaje kwamba nafuu imeletwa na umeme, na si na mazoezi au matumaini ya mshiriki?

Mtoa mada

Usiridhike na makundi mawili. Unahitaji wanaopata umeme halisi pamoja na mazoezi, wanaopata umeme bandia pamoja na mazoezi, na wanaopata umeme halisi huku wakifanya kazi nyingine isiyohusu nyuso, wote wakigawanywa kwa bahati nasibu. Kundi la tatu mara nyingi huachwa ili kuokoa gharama, nalo ndilo linaloonyesha kama umeme bila mafunzo una maana yoyote. Umeme bandia kwa kawaida huwashwa kwa sekunde 30 hivi ili mshiriki ahisi mwasho, kisha huzimwa. Mwishoni muulize kila mmoja anadhani alipata upi, maana wengine hutambua, na msimamizi naye asijue nani anapata upi.

Umeme upite wakati mazoezi yanaendelea au uyatangulie kwa muda mfupi, kwa sababu athari yake haikai muda mrefu. Pima kwa nyuso ambazo hawakuwahi kufunzwa nazo, na utenganishe usahihi na mwelemeo kama nilivyoeleza juu. Rudia kipimo baada ya wiki kadhaa. Kisha, na hili wengi hulisahau, muulize mtu anayeishi na mshiriki, pasipo kujua alikuwa kundi gani, kama ameona tofauti yoyote nyumbani. Andika mpango wako wa uchambuzi na kuusajili kabla ya kumpima mtu wa kwanza, na uyaandike madhara yote, hata mwasho na maumivu ya kichwa yaliyopita yenyewe. Ukipenda, weka rasimu yako hapa, na Mlezi_Nyumbani pamoja na Kimya_Kingi waisome kabla ya kamati ya maadili.